Digrii ya uuguzi kwa mwenye diploma: Aga Khan, Muhimbili, Kairuki, au utoke nje ya Dar?

Dirisha la udahili likifunguliwa, magrupu ya WhatsApp ya wauguzi wa Dar huchangamka. Mtu mmoja anauliza: "Jamani, nina diploma, nataka digrii, chuo gani kizuri?" Majibu yanamiminika, kila mmoja akisifia alikosoma. Nadhani swali hilo linaanzia mkiani. Muuguzi aliye kazini ajiulize kwanza nani atampa siku za kwenda darasani, na kama mshahara utaendelea kuingia wakati anasoma. Ukishapata majibu ya hayo mawili, orodha ya vyuo inapungua yenyewe mpaka vinabaki viwili, pengine kimoja.

Kwa hiyo ulinganisho huu haupangi vyuo kwa ubora. Unapanga njia: kusoma huku unafanya kazi, kuacha wodi kwa muda na kusoma kutwa, kuanza upya miaka minne pamoja na vijana wa kidato cha sita, kuhamia mkoani, au kusoma mtandaoni. Kila njia ina bei yake, na bei hiyo mara nyingi haimo kwenye karatasi ya ada.

Digrii inabadilisha nini hasa

Serikalini mwenye astashahada anaitwa Muuguzi, mwenye diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Wodini unaweza usione tofauti. Mtageuza mgonjwa pamoja, mtagawa dawa pamoja, na usiku wa manane mgonjwa akibadilika hakuna anayeuliza nani ana digrii. Tofauti iko kwenye ngazi ya mshahara, kwenye nafasi za uinchaji (kuongoza wodi) na umatroni (kuongoza wauguzi wa hospitali), kwenye timu za usimamizi wa huduma za afya za halmashauri, na kwenye milango ya kufundisha vyuoni au kuendelea na shahada ya uzamili.

Kwenye hospitali binafsi mambo ni tofauti kidogo. Huko hakuna muundo wa utumishi unaomlazimisha mwajiri akupandishe. Kuna waliorudi na cheti, wakapongezwa kwa keki, mshahara ukabaki pale pale. Kama uko sekta binafsi, zungumza na mwajiri kabla hujaanza, si siku ya mahafali. Akisema hana nafasi ya kukupandisha, bado digrii inakupa tiketi ya kuomba kazi kwingine, ikiwemo serikalini kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, ambako tangazo la Afisa Muuguzi Daraja la II hudai shahada ya uuguzi pamoja na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Na darasani? Anayedhani atafundishwa upya kutundika dripu atashangaa. Programu za kumwendeleza mwenye diploma hukazania vitu ambavyo diploma huvigusa juu juu: utafiti na takwimu, epidemiolojia, uongozi na usimamizi, mbinu za kufundisha, afya ya jamii, na uchunguzi wa mwili wa mgonjwa kuanzia kichwani mpaka miguuni. Utafiti ndio unaowatoa watu jasho. Kuandika pendekezo, kuomba kibali cha maadili, kukusanya takwimu, kuzichambua, kuandika ripoti, na yote kwa Kiingereza cha kitaaluma ambacho wengi wetu tulikiacha siku ya mtihani wa mwisho wa diploma.

Vikwazo vya mlangoni

Hapa nitapita haraka, ila usiparuke, maana wengi hukwama hapa hata kabla ya kufika kwenye kuchagua.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa vitabu viwili vya mwongozo wa udahili kila mwaka: kimoja cha wahitimu wa kidato cha sita, kingine cha wenye diploma na sifa linganishi, yaani sifa zinazokubaliwa badala ya kidato cha sita. Kila mwaka kuna mtu anapakua kile cha kwanza, anaona "principal pass mbili", yaani ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita, anakata tamaa bure. Chako ni cha pili. Ndani yake utakuta kila programu, masharti yake, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma.

Kwa mwenye diploma ya ngazi ya 6 ya NTA (mfumo wa tuzo za vyuo vya kati), kiwango cha kawaida ni GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0. Kwa diploma za zamani zisizo na GPA huangaliwa wastani wa B. Juu ya hapo wanarudi kwenye cheti chako cha kidato cha nne. Kiwango cha jumla ni ufaulu wa masomo manne, lakini programu za uuguzi huyataja masomo kwa majina: baiolojia, kemia, fizikia, hisabati, Kiingereza. Soma sharti la programu yako neno kwa neno. Kama hisabati ilikuangusha na programu unayoitaka inaidai, njia ipo, ingawa ni ndefu: kurudia somo Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa Novemba. Nimeona watu wazima wenye watoto sekondari wakikaa chumba kimoja cha mtihani na vijana wa sare. Hakuna aibu hapo.

Mwenye diploma pia anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, lile tulilolizoea kama NACTE. Iombe mapema. Matokeo ya diploma yako yasipokuwa sawa kwenye mfumo wao, itabidi urudi chuoni kwako wakarekebishe, na chuo chenyewe pengine kiko Songea au Bukoba. Halafu leseni. Programu za walio kazini zinataka muuguzi aliyesajiliwa, mwenye leseni hai na uzoefu wa kazi. Leseni iliyokwisha muda kwa sababu hukukamilisha pointi za kujiendeleza kitaaluma inaweza kukufungia mlango wa chuo hata kama una GPA ya 4.0.

Aga Khan: unasoma, na zamu inaendelea

Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzia Karachi mwaka 1983. Afrika Mashariki kiliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kiliingia kwa mlango wa uuguzi: Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza. Nchi zetu zina upungufu wa wauguzi, huwezi kuwatoa wodini kwa miaka mitatu ili wasome, kwa hiyo chuo kijipange kuwafuata walio kazini. Ndiyo maana Shule ya Uuguzi na Ukunga ya Aga Khan hapa Dar, eneo la Upanga, ilijijengea jina kwa programu ya kumtoa muuguzi mwenye diploma kwenda shahada akiwa bado na ajira yake. Mfumo wake uliozoeleka ni darasani siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki uko kazini.

Kwenye karatasi hii ndiyo njia bora kuliko zote. Mshahara hauguswi, bima ya familia ipo, cheo chako wodini hakipotei. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi sana: unachosoma Jumanne unakikuta wodini Alhamisi. Ukifundishwa kuhusu udhibiti wa maambukizi au namna ya kupanga watumishi kwenye zamu, mifano iko mbele ya macho yako, na mwalimu akikuuliza unajibu kwa kilichotokea wiki hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye ratiba, maana ndipo njia hii inaposimama au kuanguka. Siku mbili darasani maana yake inchaji wako akupangie zamu zinazoziacha siku hizo wazi, wiki baada ya wiki, kwa zaidi ya miaka miwili. Wodi yenye wauguzi wa kutosha inaweza. Wodi ya wazazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako muuguzi mmoja akiumwa zamu nzima inayumba, itakubali mwezi wa kwanza kisha mambo yataanza kubadilika. Utasikia: "Dada, leo nisaidie tu, kesho utaenda chuo." Kesho hiyo ina mtihani.

Mchukulie muuguzi wa Mwananyamala anayeishi Mbagala. Amemaliza usiku saa moja na nusu asubuhi, amekabidhi ripoti, darasa linaanza asubuhi hiyo hiyo Upanga. Hajalala. Jioni anarudi Mbagala, anakuta watoto wana kazi za shule, na yeye ana insha ya kuwasilisha. Siku zake za mapumziko zote zimeliwa na chuo. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa muhula mmoja bila kuona madhara, lakini muhula wa tatu uchovu unaingia kwenye kazi, na kazi yetu ni ya vipimo vya dawa. Kwa hiyo nasema wazi: usiingie kwenye njia hii kama hujakubaliana na matroni kuhusu zamu za usiku. Omba usipangiwe usiku wa kuamkia siku ya darasa. Omba kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, kwa sababu matroni anaweza kuhamishwa na anayekuja hajui mliyokubaliana.

Ada ya chuo binafsi ni kubwa kuliko ya chuo cha umma, ila chuo hiki kina utaratibu wa msaada wa kifedha kwa wanafunzi, na inafaa kuuliza siku ile ile unayochukua fomu badala ya kusubiri mpaka ushindwe kulipa. Jiandae pia kwa usaili na kwa uandishi mwingi. Asiyezoea kompyuta aanze kujifunza kuchapa kabla ya muhula wa kwanza.

Muhimbili: unaondoka wodini, unaingia kwenye bahari

Muhimbili ilianza kama shule ya udaktari mwaka 1963, ikapita chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili: MUHAS. Kwa mwenye diploma ina milango zaidi ya mmoja, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Mlango wa kwanza ni Shahada ya Sayansi ya Uuguzi (BScN) ya miaka 4, ile ya vijana wa kidato cha sita, ambayo mwenye diploma anaweza kuingia kwa sifa linganishi. Mlango wa pili ni wa programu zilizotengenezwa kwa ajili ya wauguzi walio kazini, zenye mwelekeo maalumu: Usimamizi wa Uuguzi na Elimu ya Uuguzi. Zote ni za kusoma kutwa. Hakuna Muhimbili ya siku mbili kwa wiki.

Kwa nini basi mtu aache mfumo wa Aga Khan unaomruhusu kubaki kazini, aje hapa? Sababu ya kwanza ni mazingira. Ndani ya eneo moja la Upanga una Hospitali ya Taifa, Taasisi ya Mifupa MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Taasisi ya Saratani Ocean Road haiko mbali, na hospitali ya Mloganzila iko upande wa barabara ya Morogoro. Muuguzi aliyekaa miaka minane kwenye kituo cha afya Kigamboni, akizalisha na kuchanja, hapa ataona mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, ataona mashine za kusaidia kupumua, ataona timu ya wagonjwa mahututi ikifanya kazi kwa mpangilio. Hayo huwezi kuyapata ukibaki kwenye kituo kile kile siku tano za wiki. Kwa mtu wa namna hiyo Muhimbili inampa zaidi, hata ukihesabu mshahara. Lakini kwa muuguzi ambaye tayari anafanya kazi Muhimbili yenyewe, faida hiyo inapungua sana, na mimi ningemshauri apime tena Aga Khan.

Sababu ya pili ni ada. Chuo cha umma kwa kawaida ni nafuu. Sababu ya tatu ni kile kinachofuata: Muhimbili ina shahada za uzamili za uuguzi, kama ile ya wagonjwa mahututi na majeruhi, na anayefikiria kufika huko anajenga mahusiano na walimu mapema.

Ubaya wake ni ushindani. Nafasi za wenye sifa linganishi ni chache kuliko waombaji, kwa hiyo GPA ya 3.0 ni ruhusa ya kuomba tu. Mwenye 3.0 kamili asiweke mayai yote hapo. Tangu mfumo wa maombi ya pamoja ulipoachwa, unaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, kwa hiyo omba zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa zaidi ya mara moja, utathibitisha kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu. Tumia namba ya simu yako mwenyewe. Namba ya shemeji aliyekusaidia kujaza fomu imeshawakosesha watu nafasi.

Kati ya Usimamizi na Elimu, chagua kwa kazi unayoitaka baada ya kusoma. Anayejiona darasani, akiwafundisha wanafunzi wa ngazi ya 4 mpaka ya 6 kwenye vyuo vya afya, aende Elimu. Anayejiona ofisini kwa matroni aende Usimamizi. Anayetaka kubaki karibu na kitanda cha mgonjwa atajisikia mgeni kote kuwili, na BScN ya jumla itamfaa zaidi. Kabla hujalipa, chukua matangazo ya kazi ya miaka ya karibuni ya nafasi unayoitamani, usome ni shahada gani zinatajwa. Tangazo ni mshauri mzuri kuliko rafiki aliyehitimu zamani.

Kairuki: Mikocheni, na miaka minne

Chuo Kikuu cha Kairuki, tulichokijua kwa jina refu la Hubert Kairuki Memorial, kilianzishwa mwaka 1997 na ni miongoni mwa vyuo vikuu binafsi vya mwanzo kabisa nchini. Kiko Mikocheni. BScN yake ni ya miaka 4, na mwenye diploma anaingia kwa sifa linganishi.

Kizuri chake ni kwamba ni chuo cha afya tu, kidogo, ambako mwalimu anakujua kwa jina. Nafasi pia haigombewi kama Muhimbili. Kwa kijana aliyemaliza diploma mwaka jana, hajaajiriwa, wazazi wana uwezo, ningesema ni chaguo la heshima kabisa. Kwa mwenye ajira na familia siwezi kusema hivyo. Miaka minne ya ada ya chuo binafsi, bila mshahara, huku ukikaa darasani kufundishwa tena anatomia na fiziolojia ya mwaka wa kwanza, ni mzigo. Wapo wanaosema msingi huo uliwasaidia kuelewa mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa mazoea, na ninawaamini. Ila swali linabaki kama msaada huo una thamani ya miaka minne.

Jambo lingine linalohusu kila BScN ya miaka minne, popote unapoisoma: wahitimu wake hupitia mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, hospitalini baada ya chuo. Muulize mkuu wa programu, kabla ya kulipa chochote, kama na wewe mwenye leseni utapangiwa. Miaka minne ikiwa mitano, hesabu yote inabadilika.

Pesa ambazo hazimo kwenye karatasi ya ada

Watu hulinganisha ada na ada. Linganisha ada pamoja na mshahara utakaoukosa. Muuguzi wa hospitali binafsi anayeacha kazi ili asome kutwa anapoteza mshahara wa miezi yote hiyo, na mara nyingi jumla yake inaizidi ada yenyewe. Ukiweka hesabu hiyo mezani, programu ya kusoma ukiwa kazini inayoonekana ghali inaweza kuwa ndiyo rahisi. Kwa mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo yenye mshahara, mizani inageuka: Muhimbili inakuwa nafuu kuliko kila kitu.

Usitegemee Bodi ya Mikopo. Mwongozo wa HESLB unataka mwombaji asiwe na ajira rasmi inayomwingizia kipato, na awe amehitimu sekondari au diploma ndani ya miaka 5. Muuguzi mwenye miaka kumi kazini hayumo. Kijana aliyehitimu diploma juzi na hajaajiriwa anaweza kuwemo, na huyo aombe.

Kinachobaki ni akiba, mwajiri, au mkopo wa benki wa watumishi. Kwenye mkopo angalia kitu kimoja: makato yote yakijumlishwa, theluthi moja ya mshahara wako lazima ibaki. Kama tayari una mkopo wa kiwanja cha Chanika au Kibaha, nafasi ya kukopa ada imeshaliwa. Mwajiri akikulipia, soma mkataba wa kumtumikia baada ya masomo. Miaka unayodaiwa kubaki ni sehemu ya bei.

Barua kabla ya begi

Hapa ndipo nimeona wengi wakiumia, na chuo hakina lawama hata kidogo.

Mtumishi wa umma anatakiwa awemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wake, na apate ruhusa kwa barua kabla ya kuondoka. Ruhusa ya mdomo ya mganga mfawidhi haitoshi. Kukosa kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na "nilikuwa chuo" si utetezi. Mpango wa mafunzo huandaliwa pamoja na bajeti, kwa hiyo anayetaka kuanza masomo Oktoba au Novemba awe amejiorodhesha muda mrefu kabla. Anayekwenda ofisi ya utumishi Septemba na barua ya udahili mkononi amechelewa.

Ukihitimu, kuna safari ya pili. Unasajili sifa mpya Baraza la Uuguzi na Ukunga, unapeleka vyeti kwa mwajiri, mwajiri anakuombea kubadilishwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi. Hilo linahitaji nafasi kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) na pesa kwenye bajeti, na linaweza kuchukua muda. Muulize afisa utumishi maswali mawili mapema: nafasi ya kada hiyo itawekwa kwenye ikama ya mwaka gani, na mshahara wangu mpya utaanzia wapi. Mwenye diploma aliyepanda madaraja kwa miaka mingi anaweza kukuta mshahara wake wa sasa unakaribia au kuzidi wa Afisa Muuguzi anayeanza. Hapo ndipo neno "mshahara binafsi", yaani kubaki na mshahara wako wa zamani ndani ya cheo kipya, linapoingia, na ni vizuri ulisikie kutoka kwake kabla ya kusoma, si baada.

Kuna njia ya mkato ambayo naiona ikishika kasi. Mtu anaona uuguzi una ratiba ngumu, anakwenda kuchukua digrii ya utawala, sosholojia au maendeleo ya jamii, mara nyingi kwa masafa. Ni elimu halali, na Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni kimewasomesha watumishi wengi wasioweza kuacha kazi. Lakini haikufanyi kuwa Afisa Muuguzi. Isome kama umeamua kuachana na uuguzi. Kama hujaamua hivyo, utakuwa na digrii ukutani na mshahara wa diploma.

Kutoka Dar

Kwa ufupi. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na St John's viko Dodoma, chuo cha Bugando kiko Mwanza, cha KCMC kiko Moshi, na vyote vinatoa shahada ya uuguzi. Bugando na KCMC zina hospitali za kanda zilizoungana na chuo, kwa hiyo mafunzo ya vitendo ni ya uhakika. Kwa mtu wa Dar mwenye ruhusa yenye mshahara, Dodoma imekuwa karibu zaidi tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024. Unaweza kurudi nyumbani mwisho wa mwezi bila kupoteza siku nzima barabarani. Pango la chumba Dodoma au Moshi huwa nafuu kuliko Upanga au Mikocheni, ila sasa unalipia nyumba mbili. Ningeitumia mikoa kama mpango wa pili kwa aliyekosa Muhimbili, au kama wa kwanza kwa mwenye ndugu wa kumpokea huko.

Matangazo ya mtandaoni kutoka Marekani

Ukitafuta "RN to BSN", yaani kutoka muuguzi aliyesajiliwa hadi shahada, kwenye simu utafurikwa na matangazo ya vyuo vya Marekani vinavyoahidi digrii kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu, bila kutoka nyumbani. Programu hizo zipo kweli, na nyingi ni nzuri kwa waliokusudiwa. Waliokusudiwa ni wauguzi wenye leseni ya jimbo la Marekani. Sharti hilo huwa limeandikwa chini kabisa, na mwenye leseni ya Tanzania peke yake hukwama hapo. Chuo kinachokupokea bila kuuliza leseni wala vyeti vyako, kinachotaka kadi ya benki tu, kikimbie.

Hata chuo halali cha nje kina mtihani wake hapa nyumbani: tuzo ya nje inahitaji kutambuliwa na TCU, na Baraza litataka kuona mafunzo ya vitendo uliyopitia. Waulize wote wawili kwanza, upate majibu kwa maandishi. Na kama lengo lako ni kwenda kufanya kazi Marekani, fahamu kwamba mlango wa huko ni NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi, na uhakiki wa vyeti. Mwenye diploma ya usajili anaweza kuanza safari hiyo bila kusubiri digrii, ingawa digrii humsaidia akishafika.

Ningemwambia nani aende wapi

Mwenye ajira, familia, na inchaji anayeeleweka: Aga Khan, mradi suala la usiku limeandikwa. Mtumishi wa halmashauri aliyepata ruhusa yenye mshahara: Muhimbili, na aombe Dodoma pia. Kijana wa diploma asiye na kazi: BScN ya miaka minne popote atakapopata mkopo, na Kairuki kama nyumbani wanaweza. Muuguzi wa hospitali binafsi asiye na uhakika wa kupandishwa: asiache kazi. Asome akiwa kazini au asubiri mwaka mmoja akiweka akiba.

Na kwa aliye serikalini mwenye miaka hamsini na kitu, kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Toa miaka ya kusoma, toa muda wa kusubiri kubadilishwa kada, uone inabaki mingapi ya kufaidi mshahara mpya. Ikibaki miwili, na mkopo wa ada utalipwa kwa mitatu, mwambie mwanao aliye kidato cha tano asome uuguzi, na ada hiyo impeleke yeye.